Rafiki amekufa, na wewe umependa

Kwenye msiba kila mtu hujua pa kukaa. Mama wa marehemu yuko ndani na shangazi, wanaume wako nje chini ya turubai, kamati ina daftari lake la michango. Rafiki wa marehemu, aliyejua hata siri ambazo mume hakuambiwa, yuko nyuma ya nyumba anasugua masufuria. Matanga yakianuliwa anarudi kwake, na Jumatatu anatakiwa kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi walau siku nne za likizo yenye malipo akifiwa na mwenza, mzazi, mtoto, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Rafiki hayumo.

Kati ya wafiwa wanaokuja kwangu kwa ushauri nasaha hapa Dar es Salaam, marafiki ndio huchelewa kuliko wote, na wengine hata hawaji kwa ajili ya msiba. Wanakuja kwa sababu wamependa. Malalamiko hufanana: "Dada, nimepata mtu, ananijali, sina la kumlaumu. Mbona nikitoka kuonana naye nalia?"

Huwa nauliza: zamani ukipata mtu, wa kwanza kumwambia alikuwa nani? Hapo ndipo kimya huingia. Mapenzi yanapoanza huwa na shahidi. Kuna yule anayesomewa meseji kabla hazijajibiwa, anayeangalia picha na kusema "huyu ana macho ya kusumbua", anayekusubiri macho hadi usiku umpe habari yote. Sasa habari ipo, tena tamu, na mwenye kuipokea yuko kaburini. Kila furaha mpya inakwenda moja kwa moja kugonga mlango ule ule. Ndiyo maana machozi huja baada ya jioni nzuri, si baada ya jioni mbaya, na hayana maana kwamba humpendi huyo uliyenaye.

Pamoja na machozi kuna hatia. Mjane wa Kiislamu ana eda ya miezi minne na siku kumi. Ikiisha, imeisha, na hakuna wa kumnyooshea kidole. Rafiki hana tarehe. Akicheka mwezi wa pili anajiona msaliti, akiwa bado analia mwaka wa pili anaambiwa anazidisha, "kwani alikuwa ndugu yako?" Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani Kenneth Doka aliandika kuhusu huzuni ya namna hii, ambayo jamii haiipi ruhusa ya kuonekana. Isiyoonekana haipungui, inatafuta pa kutokea, na mara nyingi inatokea juu ya mpenzi mpya, kwa ugomvi usio na kichwa wala miguu.

Huwa nawaeleza pia kazi ya Margaret Stroebe na Henk Schut wa Uholanzi, waliyoichapisha mwaka 1999. Kwao mfiwa hapandi ngazi kutoka huzuni hadi nafuu. Anakwenda na kurudi: saa hii amezama katika msiba, saa ijayo anashughulikia maisha yanayoendelea, na kule kwenda na kurudi ndiko kunakomponya. Kupenda, basi, kuko ndani ya kuomboleza kwenyewe. Binafsi neno "songa mbele" limenichosha. Watu wanalitumia kama amri ya polisi.

Hata hivyo, sisemi kila penzi la msibani ni salama. Ninalolihofia zaidi ni lile la wafiwa wawili: wewe na kaka yake marehemu, au wewe na mchumba wake. Mmelia pamoja, mmepanga nguo zake pamoja, na ukaribu huo ni wa kweli. Lakini jaribuni kukaa jioni moja bila kumtaja. Mkikosa la kuzungumza, mnachopendana ni yeye, na ni bora mngoje kabla ya kupeleka posa.

Kosa jingine, dogo lakini la kila siku, ni kumtaka mpenzi awe rafiki yule: acheke vitu vile vile, ajue kisa cha shuleni bila kuhadithiwa. Hawezi. Mhadithie. Na wewe uliyempenda mfiwa, usishindane na marehemu wala usimpangie muda; ukialikwa kwenye hitima au misa ya kumbukumbu, nenda, keti, kula pilau.

Wapo ambao huzuni haiwapi nafasi hata ya kupumua. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ICD-11, unataja hali ya huzuni iliyorefuka: imepita miezi sita, tena imezidi muda ambao desturi za mtu zinautarajia, na maisha yake ya kila siku yamevurugika. Huyo amwone mtaalamu, awe na mpenzi au asiwe naye.

Na kuna mama yake marehemu, ambaye wengi humkwepa pindi tu uchumba unapoiva. Wanaogopa kumkumbusha harusi ambayo bintiye hataifanya. Anaikumbuka tayari. Mwendee mwenyewe kabla kadi hazijatoka, asije akasikia kwa jirani. Akitaka kulia, lieni, na akiuliza kijana ni wa wapi, mjibu.