Familia ya Mwanajeshi: Yanayosemwa na Yaliyopo

Watu wengi wanaijua familia ya mwanajeshi kwa picha mbili. Ya kwanza ni ya kuagana: begi kubwa begani, mtoto kang'ang'ania gwanda. Ya pili ni ya kupokeana, mtoto yule yule anakimbia kumrukia baba yake. Katikati hapo pana miezi sita, tisa, pengine mwaka na ushei, na hakuna anayepiga picha. Mimi ni mke wa mwanajeshi, na karibu kila dhana potofu niliyoisikia juu yetu imetokana na kutazama siku hizo mbili tu.

"Siku ya kuagana ndiyo ngumu kuliko zote"

Siyo. Mwaka 1987 Kathleen Vestuto Logan, Mmarekani aliyezijua kwa karibu familia za wanamaji, aliandika kwamba kuondoka kwa mume kunaipitisha nyumba katika hatua saba. La ajabu ni kwamba hatua ya kwanza huanza wiki kadhaa kabla ya safari yenyewe. Mke analia ovyo, anakasirishwa na vitu vidogo, anafikiria kila jambo mara mbili. Ya pili huja siku za mwisho: wawili wanaanza kujitenga kimoyomoyo wakiwa bado chumba kimoja. Ndiyo maana wanandoa wengi hugombana vibaya wiki ile ile ambayo watu wanadhani wanakumbatiana. Ugomvi unakuwa wa taulo, wa funguo, wa nani alisahau kulipa nini. Ndugu wakisikia husema ndoa imevunjika. Haijavunjika, kumwacha mtu uliyemkasirikia ni rahisi kidogo kuliko kumwacha mtu unayemlilia, na roho inatafuta njia rahisi.

Ila hatua ninayoiheshimu zaidi ni ya sita, ambayo Logan aliiita kujadili upya mkataba wa ndoa. Hiyo huja baada ya kurudi. Jirani anakuambia, "Hongera, shemeji karudi, sasa pumzika." Kumbe kazi ndiyo inaanza. Aliyebaki amezoea kuamua peke yake: shule, fundi, homa za usiku, deni. Aliyerudi ana picha ya nyumba aliyoiacha, na nyumba hiyo haipo tena. Anafungua kabati, anauliza, "Hivi vimehamia huku lini?" Swali halina ubaya, lakini masikioni mwako linasikika kama ukaguzi. Mtoto naye anakuja sebuleni, wote wawili mmekaa, ananiuliza mimi kama anaweza kutoka kucheza. "Mwulize baba." Anamtazama baba yake kwa adabu zote, kisha ananigeukia: "Mama, nitoke?" Baba watoto anacheka, lakini unaona limemchoma.

Ushauri ninaoutoa kwa anayerejea ni mmoja: wiki za mwanzo usihamishe kitu, usibadili sheria ya mtoto, usisahihishe bajeti. Uliza. Na kwa aliyebaki: usimkabidhi kila kitu siku ya kwanza kama mtu anayetua mzigo, hata kama mabega yanauma.

"Siku hizi kuna simu, umbali umekwisha"

Simu imesaidia, sikatai. Lakini imeleta jambo ambalo bibi zetu waliosubiri barua hawakulijua, nalo ni ukimya wa ghafla.

Katika majeshi kadhaa, askari akiuawa au kujeruhiwa vibaya, mawasiliano ya kambi hukatwa. Intaneti na simu za binafsi zinazimwa mpaka familia yake ipewe taarifa rasmi. Lengo ni jema: mzazi asijue kifo cha mwanawe kupitia mtandao wa kijamii. Matokeo yake ni kwamba familia zote za kikosi kile zinakosa ujumbe kwa wakati mmoja. Asiyejua anadhani mtandao unasumbua. Anayejua anaacha alichokuwa akifanya. Baada ya saa kadhaa, au siku mbili, unaingia ujumbe wa neno moja, "Nipo." Unafurahi mpaka magoti yanalegea, halafu pale pale unakumbuka kwamba kwa kuwa ujumbe wako umekuja salama, kuna nyumba nyingine ambayo haitapokea. Sijawahi kupata maneno ya kumweleza mtu wa nje furaha ya namna hiyo.

Basi si kweli kwamba ukimya maana yake ni msiba wako. Mara nyingi ni kazi tu: mazoezi, doria, betri, au amri ya kutotumia simu. Habari ya kifo nayo haiji kwa simu, angalau pale utaratibu unapofuatwa, na utaratibu huo haukushuka kutoka mbinguni. Novemba 1965, baada ya mapigano ya bonde la Ia Drang huko Vietnam, familia zilizoishi Columbus, Georgia, karibu na kambi ya Fort Benning, zilipokea habari za vifo kwa telegramu zilizoletwa na madereva wa teksi. Dereva anagonga mlango, anakabidhi bahasha, anaondoka. Julia Compton Moore, ambaye mumewe Hal Moore alikuwa kamanda wa batalioni kule vitani, alizitembelea nyumba hizo kuwafariji wajane, akahudhuria mazishi, na akawalalamikia wakubwa. Haikuchukua muda mrefu jeshi likaanza kutuma ofisa mwenye sare pamoja na kasisi. Leo jeshi la nchi kavu la Marekani lina hata saa za kubisha hodi: kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 6 usiku. Utaratibu huo wa heshima umetokana na mke mmoja aliyekataa kunyamaza.

Ndugu na marafiki, kwa hiyo, tafadhalini: msiandike "poleni" mahali popote hadharani kabla familia yenyewe haijasema.

"Mke lazima anajua mumewe yuko wapi"

Mara nyingi hajui, na akijua hasemi. Tarehe ya kurudi, jina la mji, njia ya msafara, picha yenye jengo nyuma yake: vyote hivyo ni habari kwa adui. Januari 2018 dunia iligundua kwamba ramani ya programu ya mazoezi iitwayo Strava ilikuwa imechora njia ambazo askari hupita wakikimbia asubuhi ndani na kando ya kambi, zikiwemo kambi ambazo hazikutakiwa kujulikana. Hakuna aliyekusudia kutoa siri. Watu walikuwa wanafanya jogingi. Kwa hiyo ukimuuliza mke wa mwanajeshi "anarudi lini?" naye akajibu "Mungu akipenda," usimwone ana maringo.

"Wale wana pesa, hasa aliyekwenda ulinzi wa amani"

Hili ndilo linaloleta foleni ya wakopaji mlangoni. Mtu amesikia Umoja wa Mataifa, amesikia dola, akapiga hesabu yake mwenyewe. Ukweli ni kwamba Umoja wa Mataifa haumlipi askari wa kikosi mshahara mkononi. Unairudishia serikali iliyompeleka. Kiwango kilichopitishwa mwaka 2018 kilikuwa dola 1,428 kwa askari mmoja kwa mwezi, na serikali ndiyo inayoamua, kwa viwango vyake, kiasi gani kimfikie askari na lini. Nchi zatofautiana sana. Kuna anayerudi amejenga, na kuna anayerudi bado anasubiri malimbikizo.

Ni kweli kuna posho, kuna matibabu, kuna kota. Lakini nyumba mbili zinakula kwa mshahara mmoja. Kila uhamisho una gharama ambazo hakuna fomu ya kuzidai: pazia lisilotosha madirisha mapya, sare mpya za shule, friji iliyopasuka mlango njiani. Na kota si yako. Siku kazi inapokwisha unairudisha pamoja na funguo zake, na mkaguzi anahesabu hadi balbu.

"Watoto wa jeshi ni wagumu" au "watoto wa jeshi wameharibika"

Nimesikia yote mawili, wakati mwingine kutoka kwa mtu yule yule. Huko Marekani hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba mtoto wa mwanajeshi hubadili shule mara sita hadi tisa kabla ya kumaliza sekondari. Mtoto wa hivyo hujifunza kupata rafiki haraka. Hujifunza pia kutomfungulia moyo wake wote, na hilo wageni hawalioni kwa kuwa mtoto mwenyewe ni mchangamfu. Kinachomwumiza zaidi si ugeni, bali makaratasi. Somo alilomaliza huku halitambuliwi kule, timu imeshachagua wachezaji, mtihani wa lazima umepita wiki iliyotangulia. Majimbo ya Marekani yaliona tatizo hilo yakaingia makubaliano ya pamoja ya kuwapokea watoto hawa bila kuwarudisha nyuma, na kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa yameyakubali. Tatizo lililohitaji sheria katika majimbo 50 halimalizwi kwa kumwambia mtoto "jikaze."

Nikiwa na la kumwomba mwalimu, ni kwamba amwulize mtoto mgeni anajua nini kabla ya kumwambia amechelewa wapi. Na asimwite mbele ya darasa kueleza kama baba yake ameua watu. Huulizwa hivyo, tena na watu wazima.

"Mke wa mwanajeshi hataki kazi"

Anataka. Uchunguzi wa wizara ya ulinzi ya Marekani wa mwaka 2021 ulikuta kwamba, kati ya wenza wa wanajeshi wa kudumu wanaofanya kazi au wanaoitafuta, takriban asilimia 21 hawana kazi. Mwajiri anasoma wasifu, anaona umehama kila miaka miwili au mitatu, anaona shida. Muuguzi, mwalimu au mhasibu analazimika kuomba leseni upya kila anapofika. Januari 2023 nchi hiyo ilipitisha sheria iliyomruhusu mwenza kuhama na leseni yake ya taaluma kutoka jimbo hadi jimbo, isipokuwa, wakati huo, ya uwakili.

Tena nasema wenza, si wake. Kuna waume wanaobaki nyumbani na watoto huku mama yuko lindo, na hao hutazamwa kana kwamba wamepotea njia. Kuna pia wazazi wa askari kapera, ambao ndio familia yake pekee lakini hakuna anayewaalika kwenye mkutano wowote.

"Nyumbani kwao kila kitu ni amri"

Hapa ninacheka. Watu wanadhani watoto wetu wanapiga saluti kabla ya kunywa chai. Mtu aliyeshinda anapokea amri na kutoa amri, wengi wao wakifika nyumbani hawataki hata kuchagua chaneli ya televisheni. Viatu, nakubali, vinapangwa mstari.

"Akirudi kutoka vitani anakuwa na kichaa"

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu inaumiza pande mbili. Kwanza, wanajeshi wengi kazi yao si kufyatua risasi: ni mafundi, wapishi, madereva, wauguzi, makarani, watu wa mitambo ya mawasiliano. Pili, hata waliopigana, walio wengi hawapati ugonjwa wa kiwewe. Wanaoupata ni wagonjwa wenye ugonjwa unaotibika, uliotambuliwa rasmi katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, na unawapata pia walionusurika ajali, ubakaji na mafuriko. Mtaa ukishasema "yule ana kichaa," askari anaficha dalili ili asipoteze cheo, na mke anaficha ili asichekwe.

Dalili zenyewe hazina vurugu kama za sinema. Anachagua kiti kinachotazama mlango. Anachungulia uani zaidi ya mara moja kabla ya kulala. Anakaa kimya kwenye sherehe. Akiwa anaota vibaya, usimtikise wala usimwinamie. Simama mbali kidogo, upande wa miguuni, umwite jina lake kwa sauti ya kawaida mpaka aamke mwenyewe. Na ikiwa kuna kipigo ndani ya nyumba, hilo halifunikwi kwa neno "vita." Msaada wa tiba ni wake, usalama ni wako na wa watoto, na kimoja hakingoji kingine.

"Mambo mengine serikali itashughulikia"

Serikali hushughulikia kile kilichoandikwa. Katika nchi nyingi, fomu ya mrithi iliyojazwa kabla ya ndoa, yenye jina la mtu mwingine, inaweza kufuatwa kama ilivyo. Hata haki ya mjane inategemea wino: Uingereza, kwa miaka mingi, wajane wengi wa wanajeshi walipoteza pensheni zao walipoolewa tena, mpaka sheria ilipobadilishwa na kuanza kutumika Aprili 2015. Kabla ya hapo mwanamke alichagua kati ya mume mpya na posho ya yule aliyemzika.

Kwa hiyo wiki ya kufunga mabegi, kabla hamjaanza ule ugomvi wa taulo, kaeni na karatasi. Fomu ya warithi isomwe upya na majina yawe ya leo. Pawe na hati inayomruhusu aliyebaki kusaini kwa niaba ya aliyeondoka, benki na shuleni. Nakala za cheti cha ndoa na vya kuzaliwa ziwe mahali ambapo hata shangazi anaweza kupaona, pamoja na namba ya ofisi ya kikosi, si ya mume peke yake. Na neno moja mtakalokubaliana, fupi, la kutumiana mtandao ukirudi.