Tiba ya saikolojia kwa viziwi: mkalimani peke yake hatoshi

Ukiuliza kliniki nyingi kama zinahudumia viziwi utajibiwa ndiyo, huwa tunaita mkalimani. Sawa, mkalimani anahitajika, ila kama tiba yenyewe imebaki vilevile basi bado ni ya mtu anayesikia, na hapo ndo mambo yanakwama.

Chukulia zoezi la kutuliza mwili, unamwambia mtu fumba macho, vuta pumzi, fuata sauti yangu. Kiziwi akifumba macho mazungumzo yameishia hapohapo! Kwa hiyo unamwelekeza kila hatua kwanza akiwa anakuona, mnakubaliana utamgusa bega muda ukiisha, au anafanya macho wazi huku katazama kitu kimoja. Hata ukaaji una kazi yake, dirisha likiwa nyuma yako uso wako hauonekani vizuri, na kwenye lugha ya alama uso ni sehemu ya sarufi, nyusi tu zinaweza kugeuza sentensi ikawa swali.

Halafu fomu. Watu wanadhani asiyesikia ukimwandikia basi yameisha. Viziwi wengi wamezaliwa na wazazi wanaosikia, wengine wamekua nyumbani bila lugha yoyote wanayoipata kikamilifu, na maandishi kwao ni lugha ya pili. Fomu kama PHQ-9 ya kupima sonona Uingereza waliiweka kwenye lugha yao ya alama kisha wakaipima upya waone kama bado inapima kilekile, ndo inavyotakiwa. Na ile homuweki ya kuandika mawazo ya kila siku, mwache ajirekodi video kwenye simu, au achore.

Linalonisumbua zaidi ni utambuzi wa ugonjwa. Mtu aliyekosa lugha utotoni anaweza kutoa alama zisizofuatana, na daktari asiyejua akaandika kwenye faili kwamba mawazo yamevurugika. Mikono ikienda kasi na uso umekunjamana anaambiwa ana fujo, kumbe anasimulia tu. Kabla hujaandika chochote tafuta mtaalamu kiziwi, au anayeijua lugha ya alama vizuri, aone naye.

Kuhusu siri, jamii ya viziwi ni ndogo na mkalimani wa kliniki anaweza kuwa yuleyule ambaye mgonjwa anakutana naye kila mahali, kwa hiyo muulize mgonjwa mapema anamtaka mkalimani gani. Na mtoto wake asitafsiri jamani, hata kama yupo hapo nje anasubiri, hakuna mzazi atakayeeleza mawazo ya kujiua kupitia mikono ya mwanawe.