Unga wa nguvu za kiume: kitu cha mwanzo nnachotafuta

Mzee mmoja wa Wete kaniletea chupa ya unga wa kahawia, mizizi ilotwangwa, akaniambia "mwanangu nipimie hii, mana ndani ya nusu saa tu nakuwa kijana." Hiyo nusu saa ndo ilonishtua, mana ni kasi ya kidonge cha dukani.

Mi mfamasia wa maabara na dawa za miti siidharau hata kidogo, hata yohimbini, dawa moja ya nguvu za kiume, imetoka kwenye gome la mti wa Afrika Magharibi. Lakini ukiniletea unga wa nguvu za kiume kwanza sitafuti mti, natafuta sildenafili, yani ile ilomo ndani ya Viagra, kwa sababu wapo watu wanaichanganya na unga alafu wanauza kama miti mitupu. Kupima kwenyewe hivi: natia tone la unga uloyeyushwa kwenye kibao chembamba, pembeni yake tone la sildenafili yenyewe, nakisimamisha ndani ya glasi yenye maji ya dawa kidogo, yanapanda taratibu na kubeba kila kitu kwa mwendo wake. Chini ya taa maalum kibao kinang'aa kijani, na ule unga wa mzee ulitoa doa jeusi tititi usawa ule ule wa sildenafili. Nikarudia kwa mashine kubwa, jibu lile lile.

"Babu, kifua kikikubana unatumia nini?" Akatoa mfukoni vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Jamani, hivyo na sildenafili vikikutana presha inaanguka, mtu anaweza kufa, na yeye anajua anakunywa mizizi!

Na unga usochanganywa nao sifa za wateja hazitoshi. Kwenye utafiti wa Viagra wenyewe ulotoka 1998, walopewa dawa walifanikiwa mara 69 kwa kila mara 100 walizojaribu, walopewa kidonge kisicho na kitu mara 22. Kisicho na kitu! Kwa hiyo mganga anaweza akasifiwa kwa dhati kabisa na mti wake usiwe na lolote. Lazima makundi mawili, moja lipewe unga wa mti na jingine unga wa bandia usio na kitu, na huo wa bandia nao uwe mchungu vile vile, la sivyo kila mtu keshajua kapewa upi.

Mzee nikampima sukari, ikawa juu sana, na sukari inaharibu mishipa ya damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, mara nyingi ndo inayotangulia kuziba. Nimempa barua ya daktari, chupa nimebaki nayo mimi.