Yeremia 29:11 haikuahidi nafuu ya haraka

Wakristo wengi hulisoma andiko la Yeremia 29:11, linalosema kwamba Mungu anawawazia watu wake mema na kuwapa tumaini, kana kwamba linaahidi kuwa msiba, ukata au ugonjwa utakoma karibuni, na usipokoma basi imani ya mhusika ina kasoro. Dhana hiyo haipatani na barua yenyewe, ambayo nabii Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa Wayahudi waliochukuliwa mateka na mfalme Nebukadneza na kupelekwa Babeli mwaka 597 kabla ya Kristo. Aya ya 10, ambayo kalenda za ukutani zinazonukuu aya ya 11 huiacha, inataja miaka 70 ya Babeli kabla ya Mungu kuwarudisha kwao. Yaani wengi waliosomewa barua ile wangefia ugenini. Aliyetangaza nafuu ndani ya miaka 2 alikuwa Hanania, nabii aliyepingana na Yeremia, ambaye sura ya 28 inamshutumu kwa kuwatumainisha watu uongo.

Tumaini la Yeremia lilikuja pamoja na kazi: wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoze watoto wao, tena (na hapa nadhani wasikilizaji waliguna) wauombee amani mji uleule uliowateka, kwa kuwa katika amani yake nao wangepata amani. Kwa hiyo anayemfariji mfiwa au aliyeachishwa kazi kwa aya hii hana msingi wa kumtajia tarehe ya kufunguliwa; anao msingi wa kumwambia kwamba Mungu hajamwacha, na kwamba hata kabla machozi hayajakauka bado ana shamba la kulima, watoto wa kulea na pengine jirani mgumu wa kuombea.