Mama, usisubiri wazungu: dhana potofu kuhusu kambi za matibabu za makanisa

"Dokta, dawa zangu za presha ziliisha, lakini kanisani wametangaza wazungu wanakuja mwezi wa nane, nikaona nivumilie tu."

Badilisha mwezi, badilisha jina la kanisa, maneno mengine yanabaki vilevile. Huku kwetu upande wa Buchosa, mkoani Mwanza kando ya Ziwa Victoria, nayasikia kila kiangazi. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya wageni: vyuo vya kwao vimefungwa, watu wako likizo, na barabara zetu zinapitika. Wanakaa wiki moja au mbili, wanafunga mahema kwenye kiwanja cha kanisa, wanapima, wanatoa dawa, wanaombea watu, wanaondoka. Nimefanya nao kazi kama tabibu mwenyeji na wakija tena nitakuwepo. Sina ugomvi na kambi. Ugomvi wangu ni na mambo ambayo wagonjwa wangu wanayaamini kuhusu kambi, na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja mlangoni.

Dhana: "Presha yangu naisubirishia wazungu, wao wana dawa ya kuimaliza."

Hii ndiyo inayonitoa jasho kuliko zote, kwa hiyo nitakaa nayo.

Ukiacha ile michache inayotokana na ugonjwa mwingine unaotibika, presha ya kupanda haina dawa ya kuimaliza. Si Marekani, si Ujerumani, si hospitali ya Bugando. Zipo dawa za kuishusha na kuishikilia chini, nazo humezwa kila siku. Kambi inamaliza kinachomalizika kwa siku moja: jino bovu, minyoo, miwani ya kusomea kwa mzee ambaye Biblia imeanza kumkimbia macho. Presha na sukari hazimo kwenye orodha hiyo. Mgeni akikupa vidonge vya siku 30 tarehe 5 Agosti, tarehe 5 Septemba utamwona nani? Mimi. Basi tuanze na mimi tangu mwanzo.

Kinachowadanganya watu ni jinsi dawa yenyewe inavyoondoka mwilini. Chukua amlodipine, ambayo wengi wenu mnaimeza. Ukiiacha leo, haitoki leo. Inachukua karibu wiki nzima kuisha, kwa hiyo siku za mwanzo unajiona mzima, unalima, unaenda mwaloni kununua dagaa, na unaanza kuambia majirani kwamba kumbe dawa zenyewe hazikuwa na kazi. Ni kama mtu aliyeacha kuchota maji kwenye mtumbwi unaovuja: kwa muda miguu bado mikavu. Presha ikirudi juu haipigi hodi. Wengi hawaumwi kichwa wala hawasikii kizunguzungu, mpaka siku mkono na mguu wa upande mmoja vinapokataa, na familia inaanza kutafuta nani kamloga bibi.

Wanaomeza atenolol au propranolol wasikilize zaidi. Hizo ukizikata ghafla moyo unaweza kwenda mbio na kifua kubana, na mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupata shambulio. Hakuna kambi yoyote duniani inayostahili kusubiriwa kwa gharama hiyo.

Halafu kuna tabia ya kuficha daftari. Mgonjwa anaacha daftari lake la kliniki nyumbani makusudi, eti ili daktari mgeni "aone mwenyewe" bila kufuata yaliyoandikwa na sisi wa hapa. Matokeo yake nimeyaona mezani kwangu. Mama mmoja alikuja miguu imevimba hadi viatu havifungi, ana hakika figo zimekufa. Nikamwambia amwage mfuko. Zikatoka boksi mbili, moja ya kwetu na moja ya kambi, majina makubwa ya juu tofauti kabisa, na chini yake, kwa herufi ndogo, zote mbili zimeandikwa amlodipine. Alikuwa anameza zote asubuhi na jioni. Kuvimba miguu ni moja ya madhara yanayojulikana ya dawa hiyo, hasa dozi ikizidi. Daktari wa kambi angejuaje, wakati aliambiwa "sijawahi kutumia dawa yoyote"?

Ushauri wangu, ambao wenzangu kituoni wananitania kwa kuurudia: kila unapokwenda kupimwa, iwe kwetu, iwe hemani, beba mfuko wenye daftari na kila kidonge unachomeza, pamoja na zile za mitishamba. Kila kidonge. Hata kile ulichopewa na dada yako wa Geita.

Na kile kipimo cha siku moja msikichukulie kama hukumu. Umetembea juani kutoka kijijini, umesimama kwenye foleni tangu alfajiri, mkojo umekubana, unapimwa mkono ukiwa unaning'inia huku unajibu salamu za mama mchungaji. Namba lazima ipande. Presha inapimwa umekaa dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umewekwa usawa wa moyo, kimya. Na isipokuwa iwe juu mno, mtu haambiwi ana presha kwa kipimo kimoja. Anapimwa tena siku nyingine, na ikibaki 140/90 au zaidi ndipo tunazungumza mambo ya dawa. Kwa hiyo karatasi ya kambi iliyoandikwa 160/95 usiifungie sandukuni. Ilete.

Kwa akina mama wanaoweza kupata ujauzito: dawa za presha za captopril, enalapril na losartan zinadhuru mtoto aliye tumboni. Kama siku zako zimepita, sema kabla hujapokea kidonge, hata kama anayetafsiri ni mtoto wa shemeji yako.

Sikatai kwamba watu husubiri kambi kwa sababu ni bure na wakati mwingine rafu yetu huwa tupu. Hiyo hoja ina haki yake. Lakini vidonge vya kawaida vya presha si vya bei ya kutisha, na kwa sera ya nchi mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo wana msamaha wa gharama. Ulizia hilo kabla ya kukaa miezi mitatu bila dawa.

Dhana: "Dawa za wazungu zina nguvu kuliko hizi zetu."

Geuza boksi usome. Nyingi ya dawa wanazogawa zimetengenezwa India, sawa na hizi za kwetu, na timu nyingine hununua maduka ya hapahapa Mwanza mjini. Miligramu 5 ni miligramu 5. Zinazoletwa kutoka nje zinahitaji kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya nchi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya msaada iwe imebakiza angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda inapofika nchini. Mgeni anayeleta makopo yaliyobaki kwenye kabati la mama yake ana moyo mzuri, lakini ayarudishe.

Dhana: "Kila mzungu mwenye stetoskopu shingoni ni daktari."

Hapana. Katika timu moja utakuta daktari wawili watatu, wauguzi, mtu wa meno, wanafunzi, na mwalimu mstaafu aliyekuja kupanga foleni. Hao madaktari lazima wawe na usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi wana baraza lao, na viza ya utalii haimruhusu mtu kufanya kazi, hata ile ya kujitolea. Mwanafunzi asiyeruhusiwa kung'oa jino peke yake kwao hapati ruhusa hiyo kwa kuvuka bahari. Muulize tu kwa adabu, "Wewe ni nani katika timu?" Walio makini hawakasiriki.

Dhana: "Wanalipwa hela nyingi, ndiyo maana wanakuja."

Wengi wao ndio wanaolipa. Nauli, bima na chakula hutoka mfukoni au kwenye michango ya washirika wa makanisa yao, na siku wanazokaa hapa zinakatwa kwenye likizo zao.

Dhana: "Nimemeza dawa za kichocho kambini, sasa nimekingwa." Na pacha wake: "Mkojo wangu hauna damu, mimi sina kichocho."

Praziquantel, ndiyo hizo dawa za kichocho, si chanjo. Inaua minyoo iliyokomaa, basi. Ile michanga iliyoingia wiki chache zilizopita inasalimika, na ukirudi ziwani kesho kuosha vyombo unaanza upya. Dozi inafuata uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anameza vidonge vinne vya miligramu 600, na ameze akiwa amekula. Wanaomeza kimoja na kuficha vitatu wampelekee mjomba kisiwani Kome wamepoteza vyote vinne.

Kuhusu damu: kichocho cha mkojo ndicho cha bara, kwenye malambo na majaruba ya mpunga ya Kwimba na Misungwi. Huku ufukweni tunacho zaidi cha tumbo. Mayai yake hutoka na choo kikubwa, siyo mkojo, na yasiyotoka hukwama kwenye ini na kuacha makovu. Miaka inapita, bandama inavimba, mishipa ya koo la chakula inajaa, siku moja mvuvi wa miaka thelathini na kitu anatapika damu beseni zima. Watu wanasema kalogwa. Kuchunguza choo ni kipimo rahisi, lakini watu wanaona aibu kubeba kikopo.

Wageni nao wana toleo lao la dhana hii: kwamba ukiogelea mbali kidogo na ufukwe, au ukijifuta haraka kwa taulo, uko salama. Vimelea vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na taulo si kinga ya kutegemea. Maji ya ziwa yakikaa kwenye pipa siku mbili vimelea hufa. Kuogea hayo ni salama. Aliyekwisha kuogelea apime wiki kadhaa baada ya kurudi kwao, na akipata homa na kikohozi amtajie daktari wake Ziwa Victoria waziwazi. Asipolitaja, ataambiwa ni mafua.

Dhana: "Nimeombewa, nikiendelea na dawa nitaonekana sina imani."

Mimi ni mwanakwaya na nitakuombea pia. Meza dawa. Na kama kuna mtu yeyote kambini anayekwambia lazima uokoke ndipo upewe kidonge, huyo amejitungia sheria. Timu zilizo sawasawa hutibu kwanza, na maombi ni kwa anayetaka.

Dhana: "Kijana yeyote wa kanisa anayejua Kiingereza anafaa kutafsiri."

Bibi anaeleza kwa Kizinza kwa dakika nzima, kijana anamgeukia daktari na kusema neno moja. Nimesimama pale nikashika kichwa. Mwenye kutafsiri aseme yote, hata asiyoyaelewa, hata yanayomtia haya. Na mgonjwa una haki ya kusema, "Huyu simtaki, ni jirani yangu." Kama jambo lako ni la uzazi, la ndoa au la virusi, omba mtu wa kijiji kingine, waandaaji wapange hivyo tangu mapema badala ya kujaza hema na vijana wa kwaya ileile. Nanyi vijana, mliyoyasikia hemani hayaingii kwenye kundi la WhatsApp la kwaya, hata yakiletwa kwa jina la ombi la maombi.