Mfugaji wa kondoo hakatai chanjo, anapiga hesabu

Kila tunapojadili kwa nini kondoo hawachanjwi, lawama ya kwanza humwangukia mfugaji: hana elimu. Sikubaliani. Mwenye kondoo wa Ruai au Ngong, kandokando ya Nairobi, anaijua sotoka ya mbuzi na kondoo: makamasi, vidonda mdomoni, kuhara, mizoga. Kinachomkwamisha ni hesabu.

Chanjo ya sotoka kwa kawaida huja katika chupa ya dozi 100. Ni virusi hai vilivyopunguzwa makali na kukaushwa, na vikishachanganywa na maji yake maalum ya kuchanganyia haviwekwi hadi kesho. Mwenye kondoo 12 atamwaga dozi 88. Ongeza malipo ya daktari wa mifugo na nauli ya bodaboda, kisha linganisha na bei atakayopewa na dalali wa soko la mbuzi na kondoo la Kiamaiko, Nairobi. Kondoo akiumwa, ni rahisi kumuuza mapema. Uamuzi huo una akili, ingawa ndio unaosambaza ugonjwa.

Wengi basi hungoja kampeni ya kaunti, nayo mara nyingi hufika ugonjwa ukiwa umeshaingia. Hapo ndipo imani huvunjika. Dalili za sotoka hujitokeza siku 4 hadi 6 baada ya maambukizi, wakati mwingine zaidi. Kondoo aliyeambukizwa juzi anachanjwa leo akionekana mzima, anakufa wiki ijayo, na kijiji kizima kinasema sindano imemuua. Mchanjaji aliyekwisha kuondoka hawezi kujitetea. Aseme mapema kwamba kinga huchukua wiki mbili hivi kujengeka, na kwamba kundi lenye wagonjwa litaendelea kupoteza wengine.

Kuna hofu nyingine ambayo ni ya kweli kabisa. Chanjo ya zamani ya Homa ya Bonde la Ufa, aina ya Smithburn, inaweza kuharibu mimba ya kondoo. Mfugaji akiuliza “kondoo atatupa mimba?”, usimjibu kwa jumla kwamba chanjo ni salama, mwambie ni chanjo gani. Mimba ya kondoo ni kama siku 150, kwa hiyo panga chanjo hiyo kabla dume hajaachiwa.

Suala la nani ana usemi nyumbani silirefushi: anayewalisha kondoo mara nyingi ni mama au kijana, anayetoa pesa ni mzee. Ukimpa taarifa mmoja tu, siku ya chanjo boma litakuwa tupu.

Tatizo la chupa lina dawa. Majirani wajiandikishe hadi kondoo wao wafike 90 hivi, wakubaliane siku, na kondoo wafungiwe bomani kabla jua halijakaza. Chanjo na maji yake vikae kwenye boksi la barafu, nyuzi 2 hadi 8. Changanya kondoo wakiwa wameshakusanyika, si njiani, na ufuate muda ulioandikwa kwenye karatasi ya chupa. Maji yenye joto huviua virusi hivyo. Bomba la sindano lichemshwe na kupoa. Ukilisafisha kwa spiriti, mabaki yake yanaiharibu chanjo. Dozi ni mililita 1 chini ya ngozi: vuta ngozi ya shingo, ingiza sindano, na ukiona unyevu kwenye manyoya ujue imetokea upande wa pili, rudia. Kila aliyechanjwa apigwe alama ya rangi kabla hujamwachia.