Kujenga redio ya ridhaa ya bendi ya mita 40 huku Kusini, na namna ya kutafuta hitilafu zake

Redio ya kujitengenezea ikikaa kimya siku ya kwanza kuwashwa, mara nyingi haina ubovu mmoja. Ina mitatu au minne midogo iliyofichana, kwa sababu fundi alilehemu kila kitu kwanza ndipo akaunganisha betri. Kwa vijana wa Mtwara na Lindi wanaotaka kuingia kwenye ufundi huu, ushauri wetu ni huu: jenga kipande kimoja, kipime, kikubali, ndipo uguse kinachofuata. Redio tunayoieleza hapa ni ya ridhaa, yaani ya mawasiliano ya kujifunza na kujifurahisha bila biashara; inapokea na kurusha Morse (herufi za milio mifupi na mirefu) kwenye MHz 7.030, inatoa wati 1 hadi 2, na inatumia betri ya pikipiki ya volti 12. Nguvu hiyo ni ndogo, lakini kwa antena iliyofungwa vizuri inaweza kufika Dar es Salaam, takriban km 400, mchana kweupe.

Kabla ya yote, leseni. Kurusha bila leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ni kosa, hata kama ni wati moja. Vituo vya Tanzania hutambulika kwa alama zinazoanza na 5H, na kwa kuwa tuko Kanda ya 1 ya ITU (shirika la kimataifa la mawasiliano), bendi ya mita 40 inaanzia MHz 7.000 hadi 7.200. Wakati unasubiri leseni unaweza kujenga na kupima kirushio chote kwenye mzigo bandia, yaani rezista zinazopokea nguvu badala ya antena. Chukua rezista 20 za kΩ 1, za robo wati, uziunge sambamba: unapata Ω 50 zinazobeba wati 5. Ziwe za kaboni. Zile nyeupe kubwa za saruji zina waya uliozungushwa ndani, kwa hiyo kwenye MHz 7 zinafanya kazi kama koili na vipimo vyote vinakudanganya.

Anza na kipokezi

Tumia kipande cha ubao wa shaba kama upande hasi wa saketi nzima. Kila mguu unaokwenda hasi ulehemiwe moja kwa moja kwenye shaba, kwa njia fupi iwezekanavyo. Waya mrefu wa hasi ni chanzo kikubwa cha miluzi.

Kikuza sauti kinatangulia: chipu ya LM386, kapasita ya µF 10 kati ya pini 1 na 8 ili ikuze mara 200, µF 10 nyingine kutoka pini 7 kwenda hasi, na µF 220 kutoka pini 5 kwenda kwenye hedifoni. Kwenye pini 5 hiyohiyo weka nF 47 ikifuatana na Ω 10 kwenda hasi. Ilishe kwa volti 9 kupitia 7809, kwa sababu LM386 za kawaida, zenye alama N-1, zimetengenezwa kwa volti 12 mwisho, na betri inayochajiwa hupita hapo. Washa, upime pini 5: isome nusu ya umeme unaoingia, karibu volti 4.5. Ikisoma sifuri au 9, chipu imekufa au imewekwa kinyume. Gusa pini 3 kwa bisibisi ukiwa umeshika chuma chake. Mlio mkali kwenye hedifoni unamaanisha kipande hiki kimepita. Kikitoa mngurumo wa kukatakata kama injini ya boti, ongeza µF 220 kati ya pini 6 na hasi, karibu kabisa na chipu.

Kinachofuata ni kichanganyaji, chipu inayochanganya ishara ya antena na masafa ya ndani ili itoke sauti: SA612 au NE602. Hii haivumilii zaidi ya volti 8, kwa hiyo ipe 5 kutoka 78L05. Hapa ndipo wengi wanapoteza chipu. Ukiitazama 78L05 upande bapa, mguu wa kushoto ni wa kutoa na wa kulia ni wa kuingiza, kinyume kabisa na 7805 kubwa. Pima volti 5 kwenye soketi kabla hujachomeka SA612.

Koili ya kuingilia zungusha kwenye pete nyekundu ya T50-2: mizunguko 25 ya waya wa enameli wa mm 0.4, na juu yake mizunguko 3 ya upande wa antena. Kila mara waya unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja, hata kama kwa nje unaonekana nusu. Mizunguko 25 inatoa µH 3.06, inayohitaji takriban pF 168 ili iitikie MHz 7.03. Weka pF 120 na trima (kapasita ya kurekebisha kwa bisibisi) ya pF 10 hadi 60 sambamba; sehemu ndogo inayobaki inatoka kwenye waya na chipu yenyewe. Ncha mbili za koili hii ziende pini 1 na 2 za SA612, na wala zisiguse hasi. Pini hizo zinajitengenezea volti 1.4 zenyewe, ukizipima ukakuta 0, koili imegusa ubao mahali fulani. Tafuta enameli iliyokwaruzwa pale waya unapokunja kwenye ukingo wa pete. Kati ya pini 4 na 5 weka nF 47 ili kukata sauti za juu, kisha nF 100 mbili zipeleke sauti kwenye pini 2 na 3 za LM386. Volyumu ya kΩ 1 ikae upande wa antena, kabla ya ile mizunguko 3. Usiku stesheni za matangazo zilizo juu ya MHz 7.2 ni kali mno, zinaweza kusikika zote kwa pamoja bila kujali umeweka masafa gani, na dawa yake ni kupunguza ishara kabla haijafika kwenye chipu.

Masafa ya ndani yanatoka kwenye moduli ya Si5351 inayoongozwa na Arduino Nano, kompyuta ndogo ya ubaoni: nyaya za mawasiliano ni SDA kwenye A4, SCL kwenye A5. Moduli ikishindwa kuitikia, hakikisha programu inatumia anwani 0x60. CLK0, tundu lake la kwanza la kutoa, inatoa mawimbi ya mraba ya takriban volti 3.3, nayo SA612 inataka volti 0.2 hadi 0.3 tu, kwa hiyo gawanya kwa kΩ 1 na Ω 100 kabla ya kupitisha nF 1 kwenda pini 6. Ukiipa zaidi, kipokezi hakiungui, ila kinajaa makelele na kusikia stesheni mahali ambapo haipo. Programu iweke CLK0 chini ya masafa ya kurusha kwa Hz 700, ili ukisikia mwenzako kwa sauti ya Hz 700 uwe unamrushia pale pale alipo. Kristali za moduli hizi hupotoka. Sawazisha kwa kusogeza masafa hadi mluzi wa stesheni ya matangazo uzame kabisa. Stesheni hizo hukaa kwenye namba zinazogawanyika kwa kHz 5, basi tofauti utakayoona ndiyo marekebisho ya kuingiza.

Pima kipokezi kwa betri tupu, bila chaja. Chaja za simu, taa za LED na hasa vidhibiti vya sola ambavyo huku kwetu viko karibu kila paa vinarusha makelele kwenye bendi hii. Ukizima kidhibiti cha sola na kelele ikatoweka, usianze kufungua redio.

Kirushio, ambako vitu vinaungua

CLK1, tundu la pili la Si5351 lenye masafa ya kurusha, inaingia kwenye 74ACT00, chipu yenye geti nne za NAND, inayolishwa volti 5. Lazima iwe ACT. Ukiweka 74HC00, yenyewe inataka volti 3.5 ili itambue "juu", nayo Si5351 inatoa 3.3, itafanya kazi mezani kwako asubuhi, ikatae mchana.

Geti ya kwanza ipokee CLK1 upande mmoja na ruhusa ya kibonyezo (swichi ya kupigia Morse) upande wa pili. Geti tatu zilizobaki ziunge sambamba kama vigeuzi, zisukume lango za transista mbili za BS170. Kugeuza huku mara mbili kuna sababu: NAND ikiwa imetulia hutoa volti 5, na volti 5 ikikaa kwenye lango la BS170 inaifungua moja kwa moja, umeme wote unapita hadi moshi utoke. Kwa hiyo, kabla ya kuunganisha volti 12 kwenye transista, pima lango bila kubonyeza: lazima isome 0.

Kibonyezo kivute beisi ya transista ya BD140, inayowasha umeme wa kirushio, kupitia kΩ 1, na kΩ 10 kati ya beisi na emita iizime. Kutoka kolekta yake umeme uende kwenye BS170 kupitia pete ya FT37-43 yenye mizunguko 10. Tawi jingine lipite kΩ 10 na kΩ 4.7 kupata ruhusa ya geti. Zena (daiodi ya kuzuia volti zisizidi) ya volti 47 kati ya dreni, mguu wa kutoa wa BS170, na hasi inalinda transista antena ikikatika. Fyuzi ya ampea 1 iwe kwenye waya wa betri tangu siku ya kwanza.

Tahadhari na miguu. BS170 ukiitazama upande bapa ni dreni, lango, sosi. 2N7000, ambayo wauzaji hukupa "ni ileile", ni sosi, lango, dreni, na inabeba umeme mdogo zaidi. Ikikaa kinyume, daiodi iliyo ndani yake inapitisha umeme moja kwa moja na fyuzi inakatika mara ya kwanza ukibonyeza.

Kutoka dreni, nF 100 inapeleka ishara kwenye kichujio, nacho si cha hiari. Mawimbi ya mraba yanabeba hamoniki ya tatu, yaani masafa mara tatu ya ishara kuu, MHz 21.09, ikiwa chini ya ishara kuu kwa dB 9.5 tu. Mpangilio ni pF 270 kwenda hasi, koili ya mizunguko 21, pF 680, mizunguko 24, pF 680, mizunguko 21, pF 270. Pete ni T37-6, kapasita ziwe za NP0 (zisizobadilika kwa joto) za volti 50 au zaidi.

Pete hizi zinahitaji jicho. T37-6 ni ya njano, na uso mmoja tu umebaki na rangi ya kijivu ya unga wenyewe. Zile za njano na nyeupe zinazong'olewa kwenye pawa saplai za kompyuta chakavu ni mchanganyiko namba 26, uliokusudiwa masafa ya chini. Ukizitumia hapa zinakula nguvu yote na kupata joto. Kama kirushio kinavuta umeme wa kutosha lakini mzigo bandia hauna kitu, zima, kisha gusa pete. Iliyo moto ndiyo mwizi.

Sasa bonyeza kwa sekunde chache kwenye mzigo bandia. Mkondo uwe mA 150 hadi 250. Pima nguvu kwa daiodi ya 1N4148 ikiingia kwenye kapasita ya nF 10, na mita ya DC juu yake: ongeza 0.6 kwenye namba uliyosoma, zidisha kwa yenyewe, gawa kwa 100. Ukisoma volti 11.6, unatoa karibu wati 1.5. Ikishuka chini ya nusu wati huku mkondo ukiwa mdogo, tazama kwanza kama geti zinasukuma; ikiwa mkondo ni mkubwa, ubovu uko kwenye kichujio. Kubadilisha kati ya kupokea na kurusha, swichi ya kawaida ya nguzo mbili inatosha: nguzo moja ihamishe antena, nyingine ihamishe umeme.

Antena, chumvi na radi

Dipoli, antena ya nyaya mbili sawa zinazolishwa katikati, ya MHz 7.03 ina jumla ya mita 20.3. Kata kila upande mita 10.4, kisha punguza kidogo kidogo ukipima. Waya wa nyumba wenye ganda la plastiki huishia mfupi zaidi kuliko waya mtupu. Urefu wa mita 6 hadi 10 kutoka ardhini unatupa ishara juu, irudi chini mkoani na mikoa jirani, na hiyo ndiyo tunayoitaka kwa Dar au Dodoma. Minazi inafaa kushikilia, ila upepo wa kusi unaiyumbisha: pitisha kamba kwenye kapi na uning'inize uzito upande mmoja badala ya kukaza fundo. Ncha za dipoli zina volti kubwa, kwa hiyo zimalizie kwa kipande cha bomba la plastiki, mbali na makuti mabichi.

Kuanzia Mikindani hadi Lindi mjini na Kilwa, hewa ya bahari inakula redio kuliko matumizi yenyewe. Maji yakiingia kwenye kebo ya antena, nyuzi za shaba zinageuka kijani au nyeusi, na nguvu inapotea njiani huku kila kipande cha redio kikipimwa kuwa kizima. Funga maungio kwa mpira wa kujishika wenyewe, juu yake utepe, na uache kebo ining'inie chini kidogo kabla ya kupanda kuingia dirishani ili maji yadondoke. Mabaki ya fluksi (utomvu wa kulehemia) ubaoni hunyonya unyevu na kupitisha umeme kidogo. Yasafishe kwa spiriti na brashi ya meno, subiri yakauke, kisha paka vanishi kila mahali isipokuwa kwenye trima na swichi. Trima iliyoachwa wazi hupoteza mguso wake: kipokezi kikipungua nguvu polepole kwa miezi, izungushe mara kadhaa kabla ya kubadilisha chochote. Kuanzia mvua zinapoanza mwishoni mwa mwaka hadi zinapokatika, kebo ichomolewe na kuwekwa nje ya nyumba kila unapomaliza kusikiliza, hata kama mawingu bado yako mbali.